Treni Mpaka Amiens, Gari Mpaka Makaburini

Pale Gare du Nord, Paris, namba ya jukwaa haitangazwi mapema. Abiria husimama wameinua vichwa kuelekea ubaoni, mabegi miguuni, na namba ikishatokea, umati mzima unaondoka kwa pamoja. Mdogo wangu anasoma Lille na ameizoea vurugu hiyo. Alinishika mkono, tukapata viti vya dirishani. Treni ya Amiens si zile za mwendo kasi, inatumia saa moja na ushei. Maghorofa ya viungani yalikwisha upesi, yakaja mashamba ya ngano na bitiruti za sukari, mapana, hayana ua wala uzio.

"Ndiyo Picardie hiyo, kaka," mdogo wangu akasema. "Hakuna mlima wa kukuzibia macho."

Niliitaka Amiens kwa sababu ya mwandishi Jules Verne. Alihamia hapa mwaka 1871, kwao mkewe, akawa hata diwani, na hapa ndipo alipofia mwaka 1905. Nyumba yake ya matofali, yenye mnara wa mviringo pembeni, sasa ni makumbusho, na Mswahili ana sababu yake ya kupanda ngazi zile. Riwaya iliyompa Verne jina, iliyotoka mwaka 1863, ina safari ya puto inayoanzia Zanzibar: wasafiri watatu kutoka Uingereza wanapaa na kulikata bara mpaka Senegal. Verne hakuwahi kukanyaga Unguja. Aliokota habari katika taarifa za wapelelezi akina Burton na Speke, mengine akajitungia. Puto linapofika Kazeh, yaani Tabora, wenyeji wanadhani mwezi umewashukia. Kazeh ya kweli ilikuwa kituo kikubwa cha misafara ya pembe, mji wa watu waliokwisha kuona wageni wa kila namna.

Kanisa kuu la Amiens lilianza kujengwa mwaka 1220, na dari yake iko mita 42 juu ya sakafu. Shingo inachoka kabla macho hayajashiba. Watu wengi, hata hivyo, huzunguka nyuma ya madhabahu kumtafuta malaika mdogo wa marumaru, aliyechongwa na Nicolas Blasset katika karne ya 17. Ni mtoto mnene, ameketi juu ya kaburi la padri mmoja, shavu limelala kiganjani, kiwiko juu ya fuvu, mkono mwingine juu ya saa ya mchanga. Analia, lakini kwa namna ya mtoto aliyechoka kulia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza askari waliopita hapa walinunua kadi zenye picha yake kwa maelfu, wakawatumia jamaa zao, kisha wakaenda mstari wa mbele. Mstari huo ulikuwa mwendo mfupi tu kutoka hapa, na treni haina la kukuonyesha huko. Inabidi ukodi gari.

Katika miji ya kiasi hiki ofisi za kukodisha magari hupenda kufungwa saa za chakula cha mchana, kwa hiyo tulifika asubuhi. Walitaka leseni, kibali cha kimataifa cha udereva, pasipoti, na kadi ya benki yenye jina la dereva mwenyewe, ili wazuie fedha za dhamana. Tulilizunguka gari na mhudumu, tukipiga picha kila mkwaruzo. Lilikuwa dogo, la gia za mkono, na usukani uko kushoto. Kwa aliyezoea barabara za kwetu, mkono wa kushoto unatafuta gia na kukuta mlango. Mdogo wangu alijipa kazi ya kondakta: kila tulipokata kona, "Kulia kwako, kaka, kulia!" Kipilefti nacho kinazungukwa kinyume na cha kwetu. Sheria ngumu zaidi ni ya makutano yasiyo na alama: anayetoka kulia kwako hupita kwanza, hata kama anatoka kwenye kichochoro na trekta lake. Nje ya miji, barabara za njia mbili zina kikomo cha kilomita 80 kwa saa, isipokuwa kibao kiseme vingine.

Barabara ya kwenda Albert imenyooka tangu zama za Warumi. Baada ya Albert, vibao vya kijani vya makaburi vinaanza kufuatana mpaka unaacha kuvihesabu. Kando ya shamba moja, chini ya nguzo ya umeme, tuliona kombora lenye kutu, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, udongo mbichi bado umeling'ang'ania. Majembe ya trekta huibua makombora kama hilo hadi leo; mkulima huyaweka kando, wataalamu wa mabomu wakaja kuyachukua.

Mnara wa Thiepval, kazi ya Edwin Lutyens, ulizinduliwa mwaka 1932. Ni matao ya matofali mekundu yaliyopandana, na chini yake kuta za mawe meupe zenye majina zaidi ya 72,000 ya askari wa Uingereza na Afrika Kusini ambao miili yao haikupatikana. Siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, Julai 1, 1916, Waingereza walipoteza watu 19,240 waliokufa. Nilipopitisha macho safu kwa safu niliona mapengo: mistari iliyozibwa. Mwili ukipatikana na kutambuliwa, mtu hupewa kaburi lake, na jina hufutwa ukutani.

Kesho yake tulishuka na mto Somme kuelekea baharini. Karibu na Noyelles-sur-Mer, kupita lango la mtindo wa Kichina, yako makaburi zaidi ya 800 ya vibarua walioletwa na Waingereza kutoka China kupakua meli, kuchimba mahandaki na kutengeneza reli. Wengi waliuawa na maradhi. Kila jiwe lina maandishi ya Kichina na namba ya kazi. Mbele zaidi, Arques-la-Bataille, nje kidogo ya Dieppe, wamelala vibarua weusi wa Afrika Kusini, nao kila mmoja ana jiwe.

Hapo ndipo nilipokwama. Mwaka huohuo wa 1916 vita hiyohiyo ilipiganwa Kondoa na Morogoro. Wapagazi waliobeba risasi na unga wa majeshi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Dar es Salaam ikapata sanamu ya Askari mwaka 1927, majina hayakuandikwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi, baada ya kamati yake kuripoti kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Mtu anaweza kusema wale walikuwa wabeba mizigo, si askari. Noyelles inaibomoa hoja hiyo, maana waliolala pale nao hawakushika bunduki. Arques inabomoa hoja nyingine, kwamba ilikuwa rangi peke yake. Kinachobaki ni mahali: vibarua hawa walifia Ulaya, mbele ya macho ya waliokuwa wakijenga makaburi, na wapagazi wetu walifia porini, Rufiji na Mahenge, ambako hakuna aliyetumwa na patasi. Kwa hiyo ukifika kaskazini mwa Ufaransa usiishie Thiepval na mabasi ya watalii. Lipia gari siku moja zaidi, uende Noyelles na Arques. Huko ndiko utakakoona kwamba jiwe la kibarua liliwezekana.