Kasenga: Familia ilipopanda boti bila kukimbia

Uvira – Jumatatu moja ya Agosti 2024, kabla ya jua kutoka, familia moja ya Kasenga ilifunga mlango na kushuka ufukweni. Baba alibeba godoro dogo lililoviringishwa. Mama alishika sufuria mbili, moja ndani ya nyingine, na kichwani alikuwa na mfuko mkubwa wa nyuzi. Nyanya alikuwa na mkeka na fimbo yake. Nyuma walifuata watoto wanne, mdogo akiwa mgongoni mwa dada yake. Hawakuaga mtu. Waliona ni mapema mno kugonga milango ya watu.

Hapo ndipo walipokosea. Jirani wa kwanza aliyewaona, mama mmoja anayeuza ndagala, alirudi ndani kumwamsha mume wake. Wa pili alichungulia dirishani akahesabu: godoro, sufuria, mkeka, nyanya, watoto wote. Kwa mtu wa Uvira hesabu hiyo ina jibu moja tu. Kabla ya saa kumi na mbili nyumba kadhaa za avenue ile zilikuwa zimeanza kufunga mizigo, kijana mmoja amekwisha kumfungua mbuzi, na shefu wa avenue anashuka mbio ufukweni na kandambili mguu mmoja.

"Mama, mmesikia nini?"

"Hatujasikia kitu, baba shefu. Tunaenda likizo."

"Likizo na sufuria?"

Hakuna aliyecheka. Shefu alimtazama baba, kisha nyanya, akitafuta uso wa mtu anayeficha habari. Ilibidi nyanya mwenyewe aseme kwamba wanakwenda Mboko kwa mdogo wake, kula na kulala, basi. Shefu akapanda juu kuwatuliza watu. Mbuzi alikamatwa baadaye karibu na barabara.

Mtu asiwacheke majirani hawa. Mwishoni mwa Oktoba 1996, vita vilipoingia Uvira, watu walipanda mitumbwi na sufuria zao. Mwaka 1998 wakapanda tena. Tarehe 28 Septemba 2017 mashambulizi yalikuja mpaka ziwani, na wengi wakavuka kuelekea Burundi. Usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabeba nyumba na watu, na mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda hadi vyumbani mwa wakaaji wa ufukweni. Mara zote hizo mizigo ilikuwa ileile: godoro, sufuria, mkeka, watoto.

Mama huyu ni mfumaji, na pia ni msokotaji wa nyuzi. Mwaka 1996 alikuwa mtoto wa miaka mitano alipovushwa ziwa hadi Kigoma, akakulia kambi ya Nyarugusu. Huko ndiko alikojifunza kufuma, kwa sindano zilizotengenezwa kwa spoki za baiskeli zilizosuguliwa kwenye jiwe. Alirudi Kongo baada ya urudishaji wa wakimbizi kuanza mwaka 2005. Kazi yake ni triko na kofia za watoto wachanga. Wageni hushangaa kuona mji wenye joto hivi unafuma triko, lakini wateja wake ni watu wa milimani, wa upande wa Bijombo na Minembwe, ambako usiku mtoto hawezi kulala bila nguo nzito. Mwaka 2024 wengi wao walikuwa wakimbizi wa ndani hapahapa mjini. Hata hivyo walinunua. Mama mwenye mimba anayetoka kwenye baridi hufikiria baridi, hata akiwa Kasenga.

Uzi mpya ni ghali. Kwa hiyo yeye hununua triko kuukuu za balo, zile zenye tundu kiwikoni ambazo hakuna anayezitaka. Hukata mshono, huvuta uzi mmoja hadi triko yote iishe, huuzungusha kwenye mgongo wa kiti, huufua, kisha huuanika huku jiwe likining'inia chini ili mikunjo inyooke. Mara nyingi uzi huo ni mwembamba na umechoka. Hapo ndipo huchukua nyuzi mbili na kuzisokota pamoja kwa kijiti chake, chenye kipande cha duara kilichokatwa kwenye soli ya kandambili ili kiwe kizito na kizunguke vizuri. Uzi unaotoka hapo una rangi mbili, na wateja wengine huuomba huo wenyewe.

Wazo la likizo lilianzia kwenye telefoni. Mdogo wake wa kiume alipelekwa Uingereza na mpango wa kuhamisha wakimbizi, anaishi upande wa Manchester. Siku moja alituma picha: mfereji wa maji kama mto mdogo ulionyooka, boti ndefu nyembamba iliyopakwa rangi kijani na nyekundu, bomba la moshi, vyungu vya maua juu ya paa, watoto wawili wanachungulia, na mbele ya boti mwanamke ameketi anafuma soksi.

Mama alikuza picha kwa vidole viwili. Kwanza alitazama sindano. Kisha aliona sufuria kwenye dirisha na matandiko nyuma ya pazia. Akatuma sauti: "Mdogo wangu, huyu mama anakimbia nini?"

Jibu lilichelewa kidogo. "Yaya, hakimbii. Yuko likizo."

Jioni hiyo walizungumza muda mrefu. Kaka mtu akaeleza kwamba mifereji ile ilichimbwa kwa mikono zamani, ule wa Bridgewater unaoingia Manchester ulifunguliwa mwaka 1761 kwa ajili ya kusafirisha makaa ya mawe, na boti zilivutwa na farasi aliyetembea kando. Baadaye treni na malori yalichukua kazi hiyo. Sasa familia hukodi boti wiki nzima, zinakwenda polepole kiasi kwamba mtu wa miguu anaweza kuandamana nazo. Penye kilima wanaingia kati ya milango miwili ya maji, wanafunga, maji yanajazwa, boti inapanda. Watoto walitaka kujua kina. Mjomba akasema sehemu nyingi ukianguka unasimama tu. Walicheka mpaka wakalia, maana wao wanaishi kando ya ziwa lenye kina cha mita 1.470.

Tangu usiku huo mama alikuwa na neno moja: anataka kupanda boti na watoto wake na sufuria zake, bila kukimbia. Akaanza kuweka pembeni bei ya triko moja katika kila tano. Hakuhesabu safari kwa franka, alihesabu kwa triko: tatu za kumpeleka mtu mzima na kumrudisha, na kadhalika mpaka zikafika kumi na nne. Baba watoto, ambaye anaendesha mota ya abiria, hakukubali. Alisema pesa hiyo ni ya shule, binti mkubwa anaingia sekondari Septemba. Na kweli alikuwa na haki. Walibishana siku mbili. Aliyemaliza maneno ni nyanya, mama mzazi wa baba: "Mimi nimepanda boti mara nne katika maisha yangu, zote nilikuwa nalia. Niacheni nipande ya tano."

Tatizo lingine lilikuwa binti mkubwa. Alikuwa na miaka 12, na Septemba 2017 alikuwa na mitano, umri uleule mama yake aliovushwa nao. Asubuhi ile ufukweni aliweka mguu mmoja ndani ya boti, akautoa. Aliuliza: "Tunarudi lini?" Mama akasema Jumapili. Akauliza tena, akitaka kuapiwa. Mwishowe alichukua biki, akaandika DIMANCHE kwenye kiganja chake, akaingia.

Boti ilipaswa kuondoka saa kumi na mbili. Iliondoka saa tatu, baada ya kupakia saruji, mabati na baiskeli tatu. Ilikuwa ya mbao, yenye mota moja nyuma, watu kama arobaini, na jile za kuokolea zilizoonekana kwa macho zilikuwa mbili. Mama alimwomba kapiteni, akapewa moja. Aliivalisha mtoto mdogo, ikamfunika hadi magotini. Hili la jile lingetosha kuwa habari peke yake, na safari nyingi za ziwa hili zimeishia vibaya kwa sababu hiyo.

Saa ya kwanza ilikuwa tamu. Milima kulia, mawimbi madogo, wavuvi wanarudi na taa zao zilizozimwa. Mama alitoa kijiti chake akaanza kusokota, akikiacha kining'inie pembeni mwa boti na kuzunguka juu ya maji. Abiria mmoja akamwambia kinaweza kuanguka. Akajibu kwamba kikianguka atatengeneza kingine, kandambili anayo.

Lakini Agosti ni mwezi wa upepo wa kusini, na ndiyo maana boti huondoka alfajiri. Kufikia saa tano upepo uliwapiga usoni, maji yakaanza kuingia, saruji ikafunikwa kwa turubai na watu wakabaki bila kitu. Binti alishika ukingo kwa mkono mmoja na mdogo wake kwa mwingine, macho yamefungwa. Kapiteni hakuwa mtu wa kushindana na ziwa. Akageuza, akaegesha Makobola.

Wakaaji wa hapa hawahitaji kuelezwa jina hilo. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na siku za kwanza za Januari 1999, raia wengi waliuawa Makobola, wazee, wanawake na watoto, na wakazikwa katika makaburi ya pamoja. Nyanya alikuwa na dada yake hapo, pamoja na watoto wa dada huyo. Tangu wakati huo alikuwa amepita mara kadhaa kwa barabara, ndani ya gari, akiangalia upande wa ziwa. Hakuwahi kushuka.

Sasa upepo ulikuwa umemshusha. Aliketi mchangani akiipa kijiji mgongo. Wamama wa hapo walileta mihogo ya kuchemsha, wakaisalimia familia bila maswali. Baada ya muda nyanya aliinuka, akamwambia mjukuu wake mkubwa amshike mkono, wakapanda wawili. Hawakumwita mtu mwingine. Walirudi baada ya saa nzima, miguu imejaa vumbi. Nyanya alisema mwembe bado upo, akaomba maji. Hakuongeza neno. Ila mama aliona kwamba jasho na maji ya ziwa yalikuwa yamefuta maandishi kwenye kiganja cha binti, na binti hakuwa ameandika upya.

Upepo ulilegea saa tisa. Walifika Mboko giza limeingia.

Siku zilizofuata hazina mengi ya kusimuliwa, na huenda hilo ndilo walilolipia. Walilala mpaka jua likawa juu. Walikula bugali, sombe yenye mawese, na mikeke ya kuchoma. Baba alikaa siku tatu bila kusikia mlio wa mota, siku ya nne akaanza kutengeneza ya jirani. Watoto walioga ziwani mpaka vidole vikakunjamana.

Mama alikuwa ameapa kutofuma. Lakini nyuma ya nyumba ya mdogo wake nyanya kulikuwa na miti mitatu ya pamba, mirefu kuliko mtu, iliyojiotea yenyewe. Bibi yule mwenyeji alichuma kiganja kimoja, akatoa mbegu kwa kucha, akausokota uzi kwenye paja lake kwa mkono, bila kijiti, haraka kuliko mama alivyoweza kufuata kwa macho. Alifundishwa na baba yake. Baba yake alilimishwa pamba kwa nguvu enzi za Wabeljiji, kilimo kile cha lazima kilichoanza mwaka 1917, na aliichukia mpaka kufa. Lakini usiku alikuwa akiiba kidogo kutoka kwenye mavuno yake mwenyewe na kusokota kamba za nyavu. Mama alijaribu. Uzi wake ukakatika, ukakatika tena. Jioni ya tatu alipata wa urefu wa mkono.

Jumamosi habari mbaya ilifika: boti yao haitaondoka Jumapili, mzigo haujatosha, labda Jumatatu au Jumanne. Wakubwa hawakuona shida. Binti hakulia wala hakusema kitu, ila mama alimkuta nyuma ya nyumba anafunga vitu vya wadogo zake kwenye kitenge, kila kimoja mahali pake, kama mtu aliyezoea.

Alfajiri mama alishuka ufukweni peke yake. Kulikuwa na boti iliyokuwa inapeleka mawese na mihogo Kalundu, haichukui abiria. Alimwonyesha mwenye boti triko tatu alizobaki nazo mfukoni, mke wake alikuwa na mtoto mchanga. Waliketi juu ya madumu, upepo wa kusini ukiwa nyuma yao safari hii, na nguo zao zikapata madoa ya mawese yasiyotoka. Saa nane mchana, Jumapili, walikuwa Kasenga.

Majirani walikuja kuwaangalia, hasa mbuzi wa yule kijana, kama watoto walivyosema. Kila mtu alipewa muhogo. Yule mama wa ndagala alifika mwisho. Mzigo wake aliokuwa amefunga asubuhi ya Jumatatu ulikuwa bado uko nyuma ya mlango, hakuufungua wiki nzima. Alieleza kwamba alipoukaza aligundua kamba yake imeoza. Akaomba kama mama ana uzi imara.

Mama alisokota nyuzi nne pamoja, akampimia pima tatu. Jirani akauliza bei, akaambiwa achukue. Akasimama mlangoni kidogo, kisha akauliza kwenda Mboko ni triko ngapi.