Namba 63 Amelefti

Mimi ni CR. Kwa asiyejua, CR ni yule mtu anayepigiwa simu na mhadhiri saa 4 usiku kuambiwa kipindi cha kesho kimehamia ukumbi mwingine, halafu asubuhi analaumiwa na watu ambao simu zao zilikuwa zimezimwa. Hakuna posho, hakuna ofisi. Ofisi yangu ni grupu la WhatsApp la watu 118, nikiwemo mimi. Humo ndani nimeona mengi kuhusu simu, msongo wa chuo na wasanii wetu. Nianze na wasanii, maana ndiko kutamu.

Darasa letu lina vyama viwili tu, Timu Kiba na Timu Mondi. Ukitaka kuua tangazo lolote, subiri mtu aandike "Kiba ana sauti bwana." Ndani ya nusu saa zimeingia jumbe 300, stika na voisi za dakika tatu tatu. Watu wanaoshindwa kutaja hatua za utafiti kwenye testi watakutajia bila kusita kwamba Diamond alichukua tuzo ya MTV Ulaya mwaka 2015, kwamba mwaka uliofuata tuzo ya msanii bora wa Afrika ilitangazwa kwanza kuwa ya Wizkid ndipo ikahamishiwa kwa Alikiba, na kwamba mwaka 2021 Diamond aliwania BET, ikaenda kwa Burna Boy. Hiyo 2015 wengi wetu tulikuwa shule ya msingi, lakini tunaisimulia kama tulikuwa ukumbini.

Siwakejeli. Mimi mwenyewe ni Timu Mondi, na kipindi cha UE ubishi ule ndio chai yetu. Mtu amesoma mpaka macho yanauma, anaingia grupuni, anacheka kidogo, anarudi kwenye madesa.

Wakili mkuu wa Timu Kiba alikuwa jamaa mmoja wa viti vya nyuma. Darasani mpole, haulizi swali. Kwenye voisi ungedhani umekutana na mtangazaji wa redio. Ameniruhusu nisimulie yaliyotokea, kwa sharti nisimtaje jina. Nitamwita Namba 63. Nasikitika kusema kwamba kwa wiki kadhaa ndivyo nilivyokuwa nikimjua.

Tuko mwaka wa mwisho, na darasa lilikubaliana tuwe na fulana na keki ya kuagana. Mchango ulikuwa shilingi 20,000. Kazi ya kukusanya nikapewa mimi, nami nikafanya kama nilivyoona kwenye simu ya mama yangu katika makundi ya michango ya harusi. Nikaandika orodha ya darasa zima, kuanzia namba 1 hadi 118. Aliyelipa anapata tiki ya kijani, asiyelipa anapata alama nyekundu. Kila usiku saa 3 narusha orodha mpya na maneno ya kuchangamsha: "Wapendwa, tusiangushane!"

Ilifanya kazi sana. Watu waliona aibu, wakalipa. Wiki ya kwanza tiki 41, wiki ya pili 79. Nilijiona kama waziri wa fedha. Kufikia wiki ya tatu alama nyekundu zilikuwa chache, na kwa kuwa zilikuwa chache, zilionekana vizuri zaidi. Namba 63 ilikuwa mojawapo.

Usiku mmoja, kama dakika kumi baada ya orodha, nikaona taarifa kwamba ametoka kwenye grupu. Zamani mtu akilefti, grupu zima liliona. Tangu mwaka 2022 WhatsApp wamebadilisha; ukitoka, wanaoarifiwa ni maadmini peke yao. Sisi maadmini tulikuwa wawili, mimi na msaidizi wangu. Kwa hiyo katika darasa lote, watu waliopewa habari kwamba mwenzetu ametoka tulikuwa wawili.

Nikapiga skrinishoti, nikamtumia msaidizi: "Namba 63 amelefti. Ishirini elfu imemkimbiza." Akajibu kwa stika ya mtu anakimbia. Nikacheka, nikalala.

Siku chache baadaye ubishi wa Kiba na Mondi ukalipuka tena. Safari hii Timu Mondi tulishinda kirahisi. Mtu akasema ile tuzo ya 2016 haihesabiki kwa sababu ilichelewa kufika kwa mwenyewe, na hakuna aliyemjibu. Nakumbuka niliwaza, leo Timu Kiba wamelala. Sikujiuliza wakili wao yuko wapi, na mimi nilijua hayumo.

Sasa testi. Ilipangwa Ijumaa saa 1 asubuhi. Jumatatu usiku mhadhiri akanipigia, ana safari, testi itafanyika Jumatano, saa ile ile. Nikaandika kwa herufi kubwa, nikaweka nyota pande zote mbili, nikatuma. Halafu nikafanya jambo ambalo nililiona la kiongozi makini. WhatsApp inakuonyesha nani amesoma ujumbe wako na nani bado. Hadi saa 6 kasoro usiku walikuwa wamesoma watu 108. Waliobaki 8 nikawapigia mmoja mmoja, hata waliokuwa wamelala. Jumla 116, ukiniongeza mimi 117. Nikazima taa, nikijua kazi imekwisha.

Na kweli kwenye simu kazi ilikuwa imekwisha. Mtu akishalefti, hayumo kwa waliosoma wala kwa ambao hawajasoma. Hesabu inatimia bila yeye.

Namba 63 hakai hosteli. Amepanga geto mbali, na siku zisizo na vipindi anafanya kibarua kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Jumanne hakufika chuoni. Watu 116 walijua testi imebadilika, na kila mmoja aliamini kwamba kila mtu amepata taarifa, kwa sababu "si ilitumwa grupuni?"

Ijumaa saa 1 asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya chapati kantini. Simu ikaita.

"CR, mambo. Testi iko ukumbi gani? Hapa hakuna mtu."

Aliniambia baadaye kwamba alikuwa na kalamu mbili, kikokotozi, na alikuwa amekesha. Mimi nilishika simu, nikatoka kwenye foleni, na sikupata cha kusema. Akarudia, "CR? Unanisikia?"

Kwa wasomaji wa mwaka wa kwanza, hesabu iko hivi. Kwetu alama 40 zinakusanywa kabla ya UE, na usipofikisha 16 huingii kwenye mtihani wa kozi hiyo. Testi ile ilikuwa na alama 15. Namba 63 alikuwa na 11 kutoka testi ya kwanza na kazi ya makundi. Maana yake anaikeri kozi. Na kukeri ukiwa mwaka wa mwisho ni kwamba wenzako wanavaa joho, wewe unarudi mwakani kwa ajili ya somo moja, na nauli na kodi ya geto utajua mwenyewe.

Tukakutana kwenye vimbweta mchana. Nilikwenda nimejiandaa kujitetea: tangazo lilitoka, yeye ndiye aliyejitoa. Niliposema hivyo hakukasirika. Akaniuliza, "CR, ile ishirini elfu uliipigaje hesabu?"

Nilimwambia ukweli. Niliipiga kwa bumu. Mwenye mkopo wa chakula na malazi anapata shilingi 10,000 kwa siku, kwa hiyo nikaona mchango ni siku mbili tu, mtu akijibana anatoa.

"Mimi sina bumu," akasema. "Siku yangu ni 2,500. Kula na nauli. Fulana yako ni siku nane."

Akaendelea taratibu. Kwamba kila ikifika saa 3 usiku, simu ikilia, alijua ni orodha. Kwamba alikuwa akiitafuta namba yake kabla ya kusoma kitu kingine. Kwamba alishindwa hata kubishana habari za Kiba, maana aliona akifungua mdomo mtu atamjibu "lipa kwanza."

"Si ungeniambia?" nikasema.

"Ningekuambia wapi? Pale mbele za watu?"

"Ungenifuata inbox."

"Wewe uliwahi kunifuata inbox?"

Nikafungua simu, nikatafuta jina lake. Miaka mitatu darasa moja, na kati yangu na yeye hapakuwa na ujumbe hata mmoja. Palikuwa na yale maandishi ya WhatsApp wenyewe tu, yanayosema mazungumzo haya yanalindwa, hakuna mtu wa nje anayeweza kuyasoma. Mazungumzo yapi?

Jumatatu mhadhiri aliporudi, tulikwenda ofisini kwake wote wawili.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba. Semeni."

Tukasema. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema hawezi kumtungia mtu testi ya peke yake kwa sababu tu hakujua. Ila CR akiandika barua kueleza kwamba taarifa haikumfikia mwanafunzi na kwa sababu gani, ataitazama. Akasisitiza hilo la sababu.

Hapo nikayumba. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemwomba mhadhiri huyo huyo barua ya mapendekezo ya nafasi ya mafunzo kazini. Sasa nimpelekee karatasi yenye sahihi yangu inayosema nilimwona mtu ametoka kwenye grupu, nikanyamaza, nikapeleka tangazo bila yeye? Msaidizi wangu akanipa njia nyepesi: "Andika tu hakuwa na simu. Dokta atamhurumia, na wewe unapona." Nilikwisha anza kuiandika hivyo. Nikampelekea Namba 63 aisome.

Akairudisha. "Simu ninayo," akasema. "Usinifanye maskini kuliko nilivyo."

Nikachana, nikaandika upya. Niliandika orodha ilivyokuwa, saa niliyoona taarifa kwamba ametoka, na kwamba sikumtafuta. Sikuandika habari ya ile skrinishoti. Naiandika leo hapa.

Mhadhiri aliisoma mara mbili. Hakusema neno juu yangu. Alimpa Namba 63 testi nyingine wiki iliyofuata, akapata 9. Ukijumlisha na zile 11 ni 20. Ataingia UE. Barua yangu ya mapendekezo sijaiulizia mpaka leo.

Wengi watasema tatizo ni simu. Sikubali. Simu ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Iliniambia "huyu ametoka," ikaniambia mimi kuliko karibu kila mtu mwingine. Nilichofanya nikageuza habari ile kuwa kichekesho. Na ile hesabu ya waliosoma, simu haikunidanganya. Ilinijibu nilichouliza. Niliuliza nani kwenye grupu amesoma, nikajifanya nimeuliza nani darasani anajua.

Jambo la pili ni huu msongo tunaouzungumzia kila muhula. Tunataja UE, sapu, kudisko, mapenzi ya semista moja. Vyote kweli. Lakini kuna msongo mwingine tunatengenezeana sisi wenyewe, kwa vicheko na maneno matamu, kila usiku saa 3. Aliyeachwa na mpenzi atapata wa kumpa pole. Asiye na ishirini elfu anapewa alama nyekundu, na anatakiwa aseme asante kwa kukumbushwa.

Sijalifunga grupu. Siku likifungwa, nani atanifahamisha kipindi kimehamia wapi? Nimebadilisha mawili tu. Orodha nimeifuta, anayedaiwa nazungumza naye peke yake, na nimegundua walioshindwa hawakuwa wakaidi hata kidogo, walikuwa wanane na kila mmoja ana yake. La pili, kila tangazo la testi naliandika pia kwenye karatasi, nalibandika ubaoni pale mlangoni. Kila ninapobandika, ndani ya dakika tano mtu ameshapiga picha ameirusha grupuni. Sawa tu. Karatasi inabaki pale kwa wanaopita.

Fulana zilikuja. Yake nilimpelekea, nikamwambia darasa limeshamalizana nayo. Akaipima begani, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Nikilipa nitaichukua." Iko kwenye kabati langu, na sijui kama nilifanya vizuri kuipeleka au nilirudia kosa lile lile kwa njia ya upole.

Grupuni hajarudi, nami sijamlazimisha. Kukiwa na tangazo nampigia. Juzi ratiba ya UE ilipotoka nilimpigia kama kawaida.

"Nimeshaiona ubaoni, CR," akasema. Nilikuwa nakaribia kukata, akaniita tena. "Halafu waambie hao wa huko ndani. Tuzo ya 2016 ni ya Kiba. Kuchelewa kufika siyo kukosa."