Adabu ya Kuuliza Chombo

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na maneno yao ni kweli. Lakini hawakusema kuwa kila namna ya kuuliza ni busara. Liko swali lifungualo mlango, na liko swali livunjalo mlango. Tofauti hii huonekana darasani, ambako kazi yangu ni kufundisha Kiswahili. Lakini nimeiona waziwazi zaidi juu ya meza ndogo nyumbani kwangu, ambapo saa za mapumziko hutengeneza redio za zamani za valvu. Redio iliyonyamaza ni mgonjwa asiyeweza kueleza maumivu yake. Vyombo vya kupimia ndivyo maswali yetu kwake. Madhali ni hivyo, kuunganisha nyaya za vyombo hivyo ni jambo la adabu kabla ya kuwa jambo la ufundi.

Adabu ya kwanza ni kujua yule unayemwuliza amesimama wapi. Miongoni mwa redio za miaka ya 1930 hadi 1950 zilikuwako nyingi zisizo na transfoma ya umeme. Ziliundwa hivyo ili bei iwe nafuu, na ili zitumike penye mkondo mnyoofu na penye mkondo geu pia. Chesisi yake, yaani bati linalobeba viungo vyote, imeungwa moja kwa moja na waya mmoja wa umeme wa nyumba. Plagi ya miguu miwili ikichomekwa upande huu, bati huwa baridi. Ikigeuzwa, bati hubeba volti 230 au 240, na jicho haliwezi kutambua tofauti.

Sasa fikiri habari ya osiloskopu, chombo kinachochora mawimbi ya umeme juu ya kioo. Kibanio chake cheusi kimeungwa, kupitia plagi ya miguu mitatu, na waya wa ardhi wa nyumba. Mtu akikibana katika bati lenye moto, umeme hupata njia fupi ya kwenda ardhini: cheche huruka, fyuzi hukatika, na chombo cha thamani chaweza kuungua. Akiwa ameshika bati kwa mkono mmoja na chombo kwa mkono wa pili, njia hiyo hupita kifuani mwake. Dawa ni transfoma ya kutenganisha, yenye mizunguko sawa pande zote mbili, iwekwayo kati ya soketi na redio. Wako mafundi ambao badala yake hukata waya wa ardhi wa osiloskopu. Huko si kuondoa hatari, bali ni kuihamisha kutoka redioni na kuitia katika chombo tunachokishika bila hofu.

Adabu ya pili ni kuuliza taratibu. Redio iliyolala kabatini miaka mingi haifai kupewa umeme wote kwa ghafula. Fundi huiunganisha na umeme kupitia balbu ya uzi ya wati 60, ili umeme wote uendao redioni upite kwanza katika balbu. Ikiwa ndani mna shoti, balbu huwaka kwa nguvu zake zote na redio husalimika; ikiwa hali ni njema, huwaka kisha hufifia.

Adabu ya tatu ni kukumbuka kuwa mwulizaji ni sehemu ya mazungumzo. Chukua resista mbili za omu 100,000 kila moja, zilizofuatana kati ya volti 200 na bati. Hesabu yasema kuwa mahali zinapokutana pana volti 100. Lakini mita ya zamani yenye omu 1,000 kwa kila volti, ikiwekwa kwenye kipimo cha volti 100, yenyewe ina omu 100,000. Ikigusa hapo, mshale wake husimama karibu na 67. Mita ya kidijitali yenye omu milioni 10 itaonyesha 99 na nusu. Ile ya kwanza haikusema uongo: ilipogusa, volti zilikuwa 67 kweli. Ila hazikuwa hivyo kabla ya kuguswa.

Jambo hili halikuwa geni kwangu. Nilipokuwa nikikusanya maneno ya wavuvi kwa ajili ya tasnifu yangu, wazee walizungumza kwa ladha yao wenyewe mpaka nilipofungua daftari. Hapo wakaanza kunisemea Kiswahili cha redioni. Daftari lilikuwa mita yenye omu chache.

Mpwa wangu wa miaka 16 hunijia siku za Jumamosi kujifunza. Sikumruhusu kugusa kitu mpaka alipoweza kuutamka utaratibu wote: zima, chomoa, toa chaji, bana waya mweusi wa mita kwenye bati, mkono wa kushoto uweke mfukoni, ndipo uwashe. Siku moja aliniuliza, "Mjomba, ikiwa imekwisha kuzimwa na kuchomolewa, kuna hofu gani tena?" Mezani palikuwa na redio ambayo valvu yake ya kutolea sauti ilikuwa imekufa. Niliiwasha, nikaizima, nikachomoa plagi, nikampa asome mita iliyobanwa kwenye kapasita kubwa. Ilionyesha zaidi ya volti 200, zikishuka polepole kama maji yavujayo mtungini. Kisha nikazimaliza kwa resista ya omu elfu chache, naye akatazama mpaka mshale ukalala sifuri. Tangu siku hiyo sijamwambia tena atoe chaji. Hutoa mwenyewe, kisha hupima tena kabla ya kuweka kidole.

Yamkini msomaji hatatengeneza redio maishani mwake, lakini hapana budi atauliza: mtoto, mgonjwa, mzee au shahidi. Na ajue kwanza alipounganishwa yule anayemwuliza, aanze kwa nguvu ndogo, na apime uzito wa mkono wake mwenyewe. Elimu ni njema, lakini ni bora ipatikane pasipo kumwua ajuaye wala kukiharibu kijulikanacho.