Vijana wa Memori Kadi

Miaka kumi na tano hivi iliyopita, mtu wa mji wa Karatu, mkoani Arusha, aliyetaka nyimbo mpya hakuandika chochote kwenye simu. Alikwenda kwenye fremu yenye kompyuta moja na spika mbili mlangoni, akachomoa memori kadi kwenye simu yake ya Kichina, akamkabidhi kijana wa pale na kutaja anachotaka. Kijana aliichomeka kwenye kadi rida, akafungua folda, akaanza kuburuta. Folda alizipa majina mwenyewe: ZILIPENDWA, KWAYA, BONGO FLEVA, KIMASAI, KIMBULU. Asiyejua jina la wimbo aliimba kipande, hata kwa aibu kidogo, na mara nyingi kijana aliupata kabla mteja hajafika kwenye kiitikio.

Kabla ya hapo uamuzi wa nini kisikilizwe ulikuwa Dar es Salaam. Kanda zilitoka kwa wasambazaji wa Kariakoo, na Karatu ilisikiliza kilichopakiwa kwenye basi. Zilikuja kanda nzuri: Saida Karoli wa Kagera aliyeimba Kihaya, Rose Muhando wa Dodoma, kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu, Mr. Ebbo na "Mi Mmasai" yake. Lakini ngoma ya harusi ya Kiiraqw, lugha ambayo kwenye folda iliitwa KIMBULU, haikuwa bidhaa ya kumtajirisha mfanyabiashara wa Kariakoo, kwa hiyo haikupata nafasi kwenye katoni.

Kompyuta ya kwenye fremu ndiyo iliyoipa nafasi. Mtu wa Mbulumbulu alirekodi ngoma kwa simu, akaja nayo mjini siku ya mnada, na kijana akaihifadhi. Aliyeisikia akiwa kwenye foleni aliomba nakala. Wiki chache baadaye ilikuwa inalia Rhotia na Endabash, kwenye sabufa na kwenye simu zilizofungwa kwa mpira kwenye usukani wa baiskeli.

Nyimbo zilipanda hadi Ngorongoro pia, na sababu yake ilikuwa mahindi. Kilimo ndani ya eneo la hifadhi kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa 1992, kikakatazwa tena mwaka 2009. Wamaasai wa Endulen na Nainokanoka wakawa wanashuka Karatu kutafuta nafaka. Gunia liliporudi kupitia lango la hifadhi la Lodoare likiwa juu ya gari, memori kadi nayo ilirudi, imejaa.

Wasanii hawakupata hata senti, na hilo lisemwe wazi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuwepo, COSOTA ya kuisimamia ilikuwepo, na mwaka 2013 serikali ilianza kubandika stempu za kodi kwenye CD na DVD za muziki na filamu. Memori kadi haikuwa na pa kubandikwa stempu. Waimbaji wa vijijini waliumia mara mbili, kwa sababu faili la wimbo wao lilizunguka bila hata jina lao.

Kisha simu zikabadilika. Tarehe 16 Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima, na simu nyingi za Kichina za spika kubwa zikawa za kuchezea watoto. Zilizoshika nafasi, hasa Tecno, zilikuja na Boomplay tayari imewekwa ndani, programu iliyokua pamoja na kampuni ya Transsion ya Shenzhen inayotengeneza simu hizo. YouTube nayo ilikuwemo. Mtu alinunua bando, akafungua simu, na nyimbo za kwanza kumpokea zilikuwa zimeshapangwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Karatu.

Faida ipo, tena kubwa. Mwimbaji wa Kiiraqw leo anapandisha video yake YouTube bila kumbembeleza mfanyabiashara yeyote, na ndugu yake aliyeko Mwanza anaitazama jioni hiyohiyo. Tatizo ni kuifikia. Kiiraqw kina sauti ambazo kibodi ya simu haikuzifikiria, na maandishi yake rasmi yanatumia hata mkwaju (/) kama herufi. Kila anayepandisha wimbo anaandika jina anavyosikia yeye, anayeutafuta anaandika anavyosikia yeye, hawakutani. Google ilileta huduma ya kutafuta wimbo kwa kuuimba Oktoba 2020, jambo lilelile lililokuwa likifanyika kwenye fremu, lakini mashine hutambua wimbo uliokwisha kuorodheshwa. Mwaka 2024 kampuni hiyo iliongeza lugha 110 kwenye Google Tafsiri. Kijaluo kiliingia. Kiiraqw na Kimaasai havikuwemo.

Pesa nazo zina masharti yake. Mwaka 2018 YouTube ilianza kumtaka mwenye chaneli awe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka ndipo agawiwe mapato ya matangazo. Kwa msanii maarufu wa Bongo Fleva hizo ni hesabu za siku chache. Anayeimba kwa lugha ya watu laki kadhaa, wengi wao wakipimiana bando, anaweza kuhangaika miaka. Kijana wa fremu alikuwa mharamia, lakini mzee mmoja akiulizia ngoma ya zamani alitosha kumfanya aitafute kijiji kizima. Kwenye mashine inayopanga kwa wingi wa watazamaji, mzee huyo hana uzito.

Fremu chache bado zinajaza flashi za kwenye magari na za sabufa. Nyimbo zake nyingi sasa zinashushwa YouTube, zile zinazopendekezwa juu kabisa. Hasara kubwa iko kwenye kompyuta za zamani: baadhi zimeuzwa kama vyuma chakavu, nyingine ziko chini ya kitanda, na ndani ya folda zile za KIMBULU na KIMASAI mna sauti za waimbaji ambao baadhi yao wameshazikwa. Zinakiliwe mwaka huu. Kompyuta moja, diski ya akiba na wazee wachache wa Rhotia, Mbulumbulu na Endulen wanatosha kuanza: wasikilize faili moja moja, wataje nani anaimba, ni wa kijiji gani, na ilikuwa harusi ya nani.