Lita 20 za Bahari Mjini Kilosa

Nyumbani kwangu Kilosa, mbali kabisa na pwani, nina tangi la kioo la lita 20 lenye maji ya chumvi na vipande viwili vya matumbawe magumu, vilivyopatikana kwa kibali. Rafiki yangu wa Mikumi huniuliza kwa nini nisifuge kuku.

Joto likikausha maji, chumvi hubaki. Matumbawe huhitaji takribani gramu 35 kwa lita. Hivyo kila asubuhi huongeza kikombe cha maji baridi yaliyochujwa. Bahari husamehe uzembe kwa ukubwa wake. Lita 20 hazisamehe. Niliposafiri siku nne, nilirudi nikakuta kipande kimoja kimebaki kiunzi cheupe cha chokaa. Kosa lilikuwa langu.

Nilikumbuka mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, yaliyoharibu reli na kuwaacha maelfu ya wana-Kilosa bila makazi. Tuta la mto huanza kubomoka mwaka lisipokaguliwa, si siku ya mvua.

Ndugu zangu, tunapenda mno kuzindua. Kutunza hakuna utepe wa kukata, wala mgeni rasmi. Kuna kikombe tu, kila asubuhi.