Chapa

Mwaka jana, wiki tatu kabla ya Kipaimara, nilikwenda mjini kuchapisha vyeti vya watoto wetu. Duka nililolizoea lilikuwa limefungwa kwa msiba, nikaelekezwa chumba kimoja nyuma ya stendi ya mabasi. Mlikuwa na kompyuta mbili, marimu ya karatasi yaliyopangwa mpaka dirishani, na mashine kubwa ya kuchapia iliyokuwa ikinguruma hata sakafu ikatetemeka. Kijana mwenye wino vidoleni alinipokea. Nikampa cheti cha mwaka uliotangulia kiwe mfano. Akakisoma, akaniangalia, akakisoma tena.

“Shikamoo, Mchungaji.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Hunikumbuki. Wewe ulinichapa darasa la Kipaimara.” Alisema akicheka. “Leo mimi ndiye nakuchapia.”

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa sikujua la kufanya.

Njiani kurudi nilikaa dirishani ndani ya basi nikilitafakari neno hilo. Kamusi huonyesha kwamba lilitufikia kutoka Kihindi, ambako *chhap* ni alama au muhuri uliogandamizwa juu ya kitu. Sisi tumelipokea tukalitumikisha kila mahali. Gazeti huchapwa, na hata kiberiti cha dukani kina chapa yake. Mwaka 2017 serikali ilipoendesha kazi ya kupiga chapa mifugo, wafugaji walishika ng'ombe wao na chuma cha moto kikaacha alama kwenye ngozi. Mtu hodari huchapa kazi, mvivu huchapa usingizi, na timu yangu, ambayo sitaitaja humu kanisani, huchapwa mara nyingi kuliko ninavyopenda. Na mtoto naye huchapwa. Hakuna Mswahili anayechanganyikiwa akisikia “amechapa kitabu” na “amechapa mtoto”. Lakini siku ile mimi nilichanganyikiwa. Nilijiuliza: nilipomchapa yule kijana, nilichapa nini?

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha theolojia, nimepelekwa usharika mmoja wa milimani kwa mafunzo kwa vitendo. Nilikabidhiwa darasa la Kipaimara. Nilikuta fimbo juu ya kabati, pamoja na chaki na kengele, nami nikaitumia kama nilivyotumiwa yangu nilipokuwa mtoto. Katekisimo Ndogo ilipaswa kukaririwa neno kwa neno. Kijana huyu, wakati huo mtoto wa miaka kumi na minne, alikuwa mzuri kwenye Amri Kumi, lakini kifungu cha tatu cha Imani kilimshinda. Alikwama pale pale Jumamosi tatu mfululizo. Jumamosi ya tatu nilimpiga viboko vinne mkononi, mbele ya wenzake, wasichana wakiwemo.

Kifungu cha tatu, kwa msharika aliyesahau, ndicho kinachohusu Roho Mtakatifu. Hapo ndipo Luther anapoeleza kwamba mtu hawezi kuja kwa Yesu kwa akili zake wala kwa nguvu zake mwenyewe, ila Roho amwite kwa Injili. Nilimchapa mtoto ili aseme hivyo. Nilichukua zaidi ya miaka ishirini kuona nilichofanya, na hata hapo nilionyeshwa na mwenye mashine.

Katika Biblia yetu ya Union Version, ile ya mwaka 1952 ambayo wengi wenu mnayo, neno chapa limo mahali patatu ambapo Mlutheri anapaswa kupajua. La kwanza tunalijua mno: Ufunuo 13, chapa ya mnyama. Washarika wameniuliza habari zake tangu nibarikiwe kuwa mchungaji. Wakati wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020, mama mmoja mzee alikataa katakata kuweka kidole chake juu ya kile kimashine. Ilinibidi nikae naye jioni nzima barazani, maana mwanawe alikuwa akimtumia pesa ya dawa kwa simu hiyo hiyo.

La pili hulisomwa siku ya Krismasi na wengi hatulisikii. Waebrania 1:3 humwita Mwana chapa ya nafsi ya Mungu. Mwalimu wetu wa Kigiriki alitufundisha kwamba neno lililotumika pale, *karakteri*, lilikuwa neno la watengeneza sarafu: ile alama inayobaki juu ya fedha baada ya muhuri kugandamizwa, inayofanana na muhuri wenyewe kila mstari. Na la Ufunuo, *karagma*, ni ndugu yake. Yote mawili yametoka kwenye kitenzi kimoja cha kuchora na kutia alama. Kwa hiyo waliotutafsiria hawakukosea kutumia chapa kotekote. Swali ni muhuri wa nani.

La tatu liko Wagalatia 6:17. Paulo anasema anachukua mwilini mwake chapa za Yesu. Hapo Kigiriki hutumia neno jingine, la alama waliyotiwa watumwa. Paulo alizipataje? Someni 2 Wakorintho 11, amehesabu mwenyewe: mijeledi ya Wayahudi mara tano, bakora mara tatu, mawe mara moja. Chapa za Yesu alizipata kwa kuchapwa. Sikuona mahali popote katika nyaraka zake ambapo amejivunia alama alizoziacha kwenye miili ya watu wengine, ingawa kabla ya njia ya Dameski aliziacha nyingi.

Luther naye alichapwa. Katika mazungumzo yake ya mezani alisimulia kwamba mama yake alimchapa kwa sababu ya kokwa moja mpaka damu ikatoka, na kwamba shuleni alipigwa mara kumi na tano asubuhi moja. Alikuwa mtu mzima, daktari wa theolojia, na bado aliihesabu. Mtu huyu ndiye aliyepeleka kwa wapiga chapa wa Wittenberg Agano Jipya la Kijerumani mwaka 1522, na mwaka 1529 Katekisimo Ndogo, ambayo kwanza ilichapwa kwenye karatasi kubwa za kubandika ukutani. Nimeipenda sana habari hiyo ya ukutani. Mtoto apite akisoma, baba apite akieleza, karatasi ikae pale hata mwaka. Kwamba mimi niliigeuza kuwa jambo la fimbo, hilo si la Luther peke yake kulijibia, ingawa naye hakuwa mpole kwa wasiotaka kujifunza.

Siku ya kuchukua vyeti nilifika mapema, wenzake hawajaja. Nilimwambia, “Mwanangu, nilikukosea. Naomba unisamehe.”

“Ah, Mchungaji, hayo ni ya zamani. Sote tulichapwa.”

“Wewe nilikuchapa mimi.”

Alizima mashine. Kimya chake kilikuwa kikubwa kuliko kelele yake. Ndipo akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua: Jumamosi iliyofuata hakurudi, wala ile nyingine. Mimi nilidhani familia imehama, sikwenda kuuliza. Hakupata Kipaimara. Alipooa, alioa bomani. Miaka sita sasa anachapa vyeti vya Kipaimara vya sharika tano au sita, vyenye msalaba juu na nafasi ya jina katikati.

“Kile kifungu,” akasema, “mpaka leo nakijua nusu. Nikifika pale pale mkono unauma.” Akacheka tena, lakini kidogo.

Nimelipeleka jambo hili kwenye kikao cha walimu wetu wa Kipaimara. Fimbo tumeiondoa. Mzee mmoja wa kanisa hakukubali. Alisema watoto wa siku hizi bila fimbo hawakariri hata Sala ya Bwana, na kwamba yeye alichapwa na yuko kanisani mpaka leo. Ni kweli, yuko. Sikuwa na jibu la kumnyamazisha, nami sikulitafuta. Niliwaomba walimu wampe kila mtoto anayekwama muda wa kusema kwa maneno yake mwenyewe, na wakiona mtoto amekosa Jumamosi mbili, mmoja wao aende nyumbani kwao.

Kijana nilimweleza kwamba kuna darasa la watu wazima, siku za Jumatano jioni, na hakuna kukariri mbele ya watu. Nilimwachia Katekisimo. Aliiweka juu ya rimu la karatasi, mbali na wino, akasema ataongea na mkewe. Mwezi uliopita nilipita pale. Duka lilikuwa limejaa wateja, hatukuzungumza, lakini kitabu nilikiona kimehamishwa.