Kulala Mikumi, kwa Nani?

Mama alipoambiwa kwamba mwezi wa tisa tutakwenda kulala Mikumi, aliuliza, "Kwa nani?" Kwake yeye safari ni ya kwenda kwa mtu: harusini, msibani, kumjulia hali mgonjwa, kumpokea mjukuu. Nikamweleza kuwa hatuendi kwa mtu, tunakwenda kuangalia wanyama na kulala kwenye kambi ya wageni ndani ya hifadhi. Alinyamaza kidogo kwenye simu. Kisha akasema, "Tembo niwafuate mimi? Si wananifuata wao?"

Anaishi Doma, kijiji cha nyanya kilicho kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa, kabla hujaingia hifadhini. Tuliondoka Dar es Salaam alfajiri kwa treni ya umeme, na kabla watoto hawajaishiwa maswali tukawa Morogoro, ambako gari la kukodi lilikuwa linatusubiri. Mama tulimkuta amekwisha kutoka nje, kanga mpya, na kikapu kidogo cha nyanya kimefunikwa kwa kitambaa. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba tunakokwenda chakula kimeshalipiwa. Ugenini mtu haendi mikono mitupu.

Sijui kama kuna hifadhi nyingine nchini iliyoonwa na Watanzania wengi hivyo bila kuingiwa. Barabara inaikata kwa kilomita 50, na kila aliyewahi kupanda basi la Iringa, Mbeya au Songea amechungulia dirishani akaona swala pala wamesimama kivulini, au twiga akivuka taratibu huku dereva akipunguza mwendo. Vibao vinataja faini ya kila mnyama atakayegongwa, na matuta yanamlazimisha mwenye haraka kutii. Nimepita hapo tangu nikiwa mtoto wa kupakatwa. Geti la Kikoboga nililijua kama ninavyolijua duka la jirani, na sikuwahi kulivuka. Nadhani kilichotuzuia ni fikra kuliko bei. Raia wa Afrika Mashariki analipa kiingilio kwa shilingi, sehemu ndogo tu ya anachotozwa mgeni wa mbali. Tulionyesha vitambulisho, tukapewa kumbukumbu namba ya malipo, nikalipa kwa simu palepale. Gharama kubwa ilikuwa gari na malazi, na hiyo tuliiwekea akiba mwaka mzima.

Hifadhi ilitangazwa mwaka 1964, na leo ina kilomita za mraba 3,230. Ukishaiacha lami unashuka kwenye uwanda wa mto Mkata, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wazee waliita mahali kama hapa mbuga: uwazi wa nyasi juu ya udongo mweusi, ambao masika hugeuka tope la kunasa gari na kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono. Mashariki milima ya Uluguru imekaa kama kivuli cha bluu. Pundamilia na nyumbu walikuwa pamoja, nyati wakiwa mbali kidogo kama mstari wa makaa. Dereva wetu, kijana mpole aliyemwamkia Mama kabla ya kutusalimu sisi, alisimamisha gari kwenye mabwawa ya viboko. Mwanangu mdogo alihesabu migongo hadi kumi na saba, kisha mgongo mmoja ukageuka kuwa mamba, hesabu ikaharibika. Kwenye miombo tulifunga vioo kwa sababu ya mbung'o. Binti yetu alikuwa na fulana ya bluu, rangi wanayoipenda, akaumwa mara mbili na kulia kwa uchungu wa kweli. Mama alimpaka mate pale palipovimba, kama alivyokuwa akinipaka mimi.

Mama hakusema mengi. Alikaa kiti cha mbele, mikono juu ya kikapu. Twiga alimtazama bila kushangaa. Pofu alimsifia unene. Ilikuwa saa kumi jioni tulipowakuta tembo, tisa, karibu na njia, majike na watoto wao. Dereva alizima injini. Jike mmoja alikuwa umbali wa kama hatua ishirini. Alizungusha mkonga kwenye shina la nyasi kavu, akaling'oa, akalikung'uta kwenye mguu wa mbele, mara tatu, vumbi likaruka, ndipo akalitia mdomoni. Kisha akarudia.

"Anatoa udongo," Mama alinong'ona. Baada ya muda mrefu akaongeza, "Kumbe ana kope."

Nilishangaa. Nikamwuliza kama hajawahi kumwona tembo kwa karibu. Akaniambia amemsikia kwa miaka arobaini. Tembo wa shambani huja usiku. Unamsikia akivunja mahindi, unasikia tumbo lake likiunguruma kama gari linalokataa kuwaka, unapiga debe, unawasha moto, unapiga kelele na majirani. Ukimulika tochi unaona mgongo, au huoni kitu. Asubuhi unakuta nyayo na mabua. Mnyama aliyemlia chakula karibu maisha yake yote alikuwa hajawahi kumwona usoni.

Dereva akasema tembo wameanza kuongezeka tena. Mama akaitikia kwa kichwa. "Kuna miaka walipungua sana," akasema. "Ile miaka ulipokuwa chuo. Tulilala nyumbani, hatukulinda. Mahindi tulivuna mpaka tukakosa magunia."

Maneno hayo yameniganda hadi leo. Miaka ile naijua kwa upande wake mwingine. Mfumo wa ikolojia wa Selous na Mikumi ulikuwa na tembo zaidi ya 100,000 katikati ya miaka ya 1970. Sensa ya mwaka 2013 ilikuta takriban 13,000. Walikuwa wakiuawa kwa ajili ya meno, na mizoga iliachwa porini. Na mimi ada yangu ya chuo ilitoka kwenye magunia hayo ya Mama. Hakuua tembo, wala hakumtuma mtu. Alilala tu usingizi aliokuwa ameukosa miaka mingi. Nilikaa nyuma ya kiti chake nikimtazama jike yule na kope zake, na nilitaka tembo wabaki, na nilitaka Mama alale. Vyote viwili navitaka kwa moyo wangu wote.

Mwaka 2011 zilitoka kanuni zinazohusu kifuta jasho na kifuta machozi: cha kwanza kwa aliyeharibiwa mazao, cha pili kwa aliyejeruhiwa au familia ya aliyeuawa. Jina lenyewe linakueleza kuwa si fidia. Kwa mazao zilipanga shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, kutegemea umbali wa shamba kutoka hifadhini. Mama anazijua hesabu hizi kuliko mimi. Anaujua pia uzio wa kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili, na anausifia, ila pilipili hununuliwa na mvua huiosha.

Kambini tulipokewa kwa vitambaa vya maji baridi vya kufutia vumbi. Mama alikabidhi kikapu chake kwa mpishi kwa mikono miwili. Mpishi naye akakipokea kwa mikono miwili, akauliza ni nyanya za wapi, na kabla hatujaketi wakawa wameshajuana: shangazi yake amezikwa Doma. Usiku ule, pembeni ya vyakula vingine, ililetwa kachumbari ya nyanya zile na bakuli la mlenda ambao haukuwa kwenye orodha. Sasa tulikuwa kwa mtu.

Askari mwenye tochi alitusindikiza hadi kwenye mahema. Mume wangu na watoto walilala mara moja. Mimi na Mama tulikuwa hema la pili. Saa nane usiku nilishtuka, kitanda chake kitupu. Alikuwa amesimama gizani nyuma ya wavu, ameshika trei ya bati ya chai mkono mmoja na kijiko mkono wa pili.

Nje, kwenye kidimbwi, maji yalikuwa yakifyonzwa na kumwagwa. Kisha nikalisikia lile tumbo.

"Wako wanne," Mama alisema. "Watano. Mdogo yuko nyuma."

Nilimgusa bega. Aliitazama trei mkononi mwake kama anayeiona sasa hivi, akaiweka chini polepole ili isigonge. Tulikaa kwenye ubao wa baraza, ndani ya wavu, kanga moja juu ya mabega mawili. Mwezi ulitoka kwenye wingu. Walikuwa watano.

Kesho yake jioni, tulipomrudisha Doma, aliwaambia majirani kuwa tembo ana kope, na hawakumwamini. Gari likiwa limeshawashwa alinifuata dirishani, akaniomba nirudi mpaka dukani nimnunulie betri za tochi, zile kubwa, mbili.